Tenga la Kuku

Usiku wa Julai, Tandala,
sakitu ikitandaza shuka lake juu ya viazi,
Obedi hujifunika mablanketi matatu.
Mimi hata moja silibebi miguuni.
Uzi wa sufu ukinigusa kidole ni mwiba,
ukitulia ni kaa la moto,
nikiufunua, baridi inaingia bila hodi
nayo inaunguza vilevile.

Usiku mmoja aliamka bila neno, akaenda bandani,
akarudi na tenga la kuku,
lile la mianzi alilosuka kabla sijaugua.
Akalipangusa kwa gunia. Unyoya mmoja ulibaki.
Akaifunika miguu yangu kwa tenga,
kisha blanketi juu ya tenga.
“Haya,” akasema, “wamelala.”

Nikacheka. Mara ya kwanza tangu dripu ya nne.

Basi sasa nafuga.
Majogoo wawili, mitetea minane.
Mchana kimya, kama hawapo:
nakanyaga changarawe, nakanyaga tope,
mpaka niangalie ndipo nijue lipi ni lipi.
Ikifika saa tano usiku wanaamka wote
na humo ndani hakuna mahindi.
Wananidonoa mimi.

Kule Mbeya daktari kijana alinichorea mishipa ya fahamu
nyuma ya karatasi ya vipimo, matawi na vijitawi,
nikaona mzizi wa pareto uliong’olewa.
“Dawa ilimfukuza mwizi,” alisema, “ikakanyaga na bustani.”
Itapona?
“Huenda. Polepole.” Akafunika kalamu.
“Huenda isipone yote.”
Nilimpenda kwa hiyo huenda ya pili.

Kanisani wananishika mikono: Umepona, mama, mshukuru Mungu!
Namshukuru. Nilisimama mbele yao nikamshukuru,
nimeng’ang’ania benchi,
maana sakafu niliiamini tu, sikuihisi.
Titi limekwenda, uvimbe umekwenda,
nywele zimerudi zimejikunja kama za mtu mwingine.
Habari njema imeshuka kifuani, imeshuka kiunoni,
imefika magotini ikachoka.
Huko chini bado hawajaambiwa.

Jumamosi nilitoka sokoni na karoti
na kandambili moja.
Sikujua. Nilipanda kilima kizima hivyo,
nikiitikia salamu.
Tupokigwe, mjukuu wangu, akaja mbio nyuma yangu,
ameinua ya pili juu kama mtu aliyeokota pochi:
“Bibi, mguu wako umebaki kwa muuza mbegu!”
Kisiginoni palikuwa na kipande cha chupa.
Maumivu yake yalifika usiku, yamechelewa,
kama basi la Njombe wakati wa masika.

Tangu siku hiyo yeye ndiye mkaguzi.
Kila jioni, tochi ya simu mkononi,
anapekua nyayo zangu kidole kwa kidole
kama anayetafuta mayai.
“Hapa hamna. Hapa hamna. Hapa, Bibi, ni tope tu.”
Maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko,
nilivyompimia mama yake.
Zile tembe za usiku zinanilegeza kichwa,
kuku zinawapunguza sauti, haziwanyamazishi.

Niliwahi kupanda na debe la viazi kichwani,
mikono inaning’inia, mdomo unasengenya.
Sasa nakwenda hadi kwa Mama Luvanda na fimbo,
macho chini, nikisoma njia
kama mtoto anayefuata mstari kwa kidole.
Yeye huniwekea kigoda mlangoni
na haniulizi naendeleaje.
Ananiambia bei ya mbolea. Tunaitukana pamoja.

Leo alfajiri, Obedi akikoroma,
kidole kidogo cha kushoto kilihisi baridi.
Si mwiba, si kaa.
Baridi ya kawaida, ya hapa kwetu,
ile niliyoilalamikia miaka hamsini.
Sikumwamsha mtu. Labda kesho haitakuwepo.
Nikainua tenga kidogo, upande mmoja,
nikakiacha kidole nje
kionje.