Risasi ya Sita

Bastola ni ya marehemu, leseni ni yangu.
Ilichukua miezi tisa, picha ndogo nne,
na afande mmoja aliyeniuliza: mama, utaiweza?
Nikamjibu nimelala nayo chumba kimoja
miaka kumi na tisa.

Ni ndogo. Inakaa mkobani
kati ya leso na mizani ya vito,
magazini yake inakula sita, basi.
Springi iliyomo aliiweka Ndekirwa mwenyewe,
na kila dalali wa mawe huku Mnara wa Saa
ameniambia niitupe:
imechoka hiyo, Aikande, imebanwa mno,
chuma kikibanwa sana kinasahau kunyanyuka.

Nikaagiza mpya.
Si ya kiwanda kilichoizaa bastola,
ya watu baki, wanaojua kuandika pakiti.
Shemeji akaja nayo kutoka Nairobi.
Iliahidi nguvu zaidi kwa asilimia kumi.
Zaidi ya nani, haikusema.

Fundi Sefania wa Kijenge kazi yake ni mizani,
lakini springi, anasema, ni springi.
Akazilaza mbili juu ya gazeti la juzi:
mpya ndefu, inang'aa kama shangazi wa bwana harusi,
ya zamani imepungua urefu wa ukucha.
Nikasema, si unaona, imekufa.
Akasema, imekaa. Kukaa si kufa.
Zote hufupika siku za mwanzo, kisha zinatulia.
Akapuliza vumbi, akaongeza, bila kuniangalia:
chuma hakichoshwi na kubanwa, mama.
Kinachoshwa na kubanwa na kuachiwa,
kubanwa na kuachiwa.

Ilikuwa Julai. Dirishani Meru haikuwepo, ukungu mtupu.
Nikajikuta nahesabu safari za Mirerani,
kwenda na begi jepesi, kurudi na begi jepesi,
simu ya saa nane usiku, mwamba umetoa,
simu ya alfajiri, mwamba umefunga.

Jumamosi tukaenda kulenga, nje ya Kisongo.
Niliandika kwenye daftari la mawe, upande wa madeni.
Springi mpya: risasi ya kwanza, slaidi haikufunga.
Ilikwenda nusu ikasita,
kama mlango wenye mtu nyuma yake.
Ya pili hadi ya sita, safi.
Magazini ya tatu, ya kwanza tena.
Sefania akasema inasukuma kuliko ilivyoombwa,
huenda ikazoea, ipige mia mbili ndipo uiamini.
Mia mbili! Kwa bei ya risasi
hiyo ni ada ya Nanyaro muhula mzima.

Springi ya Ndekirwa: sita, sita, sita, sita, sita.
Nikaanza kutabasamu peke yangu, mjinga mimi.
Magazini ya mwisho, tano zikatoka.
Ya sita haikupanda.
Tuliikuta imelala chini, pua imeinama,
na springi chini yake inainyanyua polepole,
kwa adabu, imechelewa.

Sikulia pale. Nililia Jumanne, nikichambua dengu.

Maana watu hudhani aliuawa na majambazi.
Kumi na tisa miaka alijipapasa kiuno
kabla ya kufungua geti,
na siku ilipofika ilikuwa presha,
kwenye kiti, kiatu kimoja mguuni,
bastola kabatini na sita zake zimepangwa.

Sasa natumia ile mpya, naweka tano.
Ikipunguziwa moja haisukumi kwa hasira,
ya kwanza inapita, nimejaribu mara arobaini.
Arobaini si mia mbili. Najua.
Springi ya zamani nimeitia kwenye kopo
la mawe yasiyouzika, pamoja na risasi ile moja.

Mwakani leseni inaisha. Afande ataniuliza,
mama, hiyo silaha inafanya kazi?

Tano, nitamwambia.