Daftari la Vipimo, Bandari ya Kusini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi nasoma nguzo ya vipimo.
Namba ya mwisho haitulii: tatu, nne, tatu.
Usiku hapakuwa na upepo. Kirumba wameanika dagaa
bila kukandamiza nyavu kwa mawe.
Lakini maji yanapanda, yanashuka,
kama kifua cha mtoto aliyelia ukiwa haupo.
Miaka kumi na tisa ninaandika
kilio nisichokisikia.

Nkwimba, binti wa dada yangu, anasaka aksioni.
Alikuja likizo na kompyuta na macho ya mtu asiyelala.
Umeme ulipokatika Igogo akaniambia gizani:
“Mjomba, ni nyepesi mno, mizani inaona aibu.
Wimbi lake moja, mwanga hulivuka kwa maelfu ya miaka.”
Sasa mtashika nini?
“Hatushiki. Tunasoma alama.”

Akaingia kwenye mfumuko.
Mimi mfumuko ninaoujua ni wa bei ya sato.
Huu wake uliisha kabla kufumba jicho hakujawa na maana:
ulimwengu ukaumuka kama unga uliotiwa hamira mara mbili,
na katika kuumuka ukaitikisa aksioni kidogo,
huku hivi, kule vile.
Kisha ikaganda,
mtumbwi uliobanwa na magugumaji,
mpaka kutanuka kulipopunguza kasi
ndipo ikaanza kuyumba.
“Tukiuona mtikisiko ule kwenye mwanga mkongwe wa anga,
tutajua mfumuko ulikuwa na nguvu kiasi gani.”

Umeonekana?

“Bado.”
Akapapasa mwimo wa mlango, pale tulipokuwa tukimpima kimo,
kidole kikasimama kwenye mkwaruzo wa darasa la tatu.
“Ila tunajua hauzidi hapa.”

Alfajiri tukashuka pamoja.
Ziwa limetulia, jiwe la Bismarck limekaa juu ya kivuli chake.
Akachutama kwenye nguzo, muda mrefu, kuliko mkaguzi yeyote.
“Mjomba, hii inayocheza unaiandikaje?”
Naikata. Ofisi inataka namba moja.
Hakusema kitu. Alinitazama tu
kama ninavyowatazama wanaomwaga maji ya kunywa.

Jumatano amepanda basi.
Leo nimeandika tatu, nimeandika nne,
na kistari kidogo katikati.
Ofisi watapiga simu.