Koma

Nilimwita Koma kwa ajili ya mkia:
umepinda nchani kama alama ya mkato
niliyoipigania miaka ishirini na mitatu
katika vitabu vya watoto wa shule,
kule kiwandani Industrial Area,
kalamu nyekundu mkononi, chai imepoa.

Daktari Muthengi amebandika picha penye mwanga.
Ananionyesha kwa ncha ya biro:
hapa, na hapa, na hapa pia.
Limfoma, asema. Ya utumbo.
Neno hilo niliwahi kulisahihisha,
katika kijitabu cha afya; mwandishi alilipunja herufi.
Nikalirudishia herufi yake
nikafungua ukurasa wa pili.

Koma yuko juu ya mzani, kilo mbili na nusu.
Januari alikuwa nne.
Amekaa kimya kama mtu anayedaiwa.

Njia ni tatu, asema daktari.
Sindano kila wiki, miezi sita, elfu nane kila moja,
na hata hivyo hatoi ahadi.
Au vidonge, nyumbani, nusu kila asubuhi:
vitamtuliza, havitamponya.
Au ile nyingine.
Hakuitaja. Alitazama dirishani,
ambako kijana mmoja alikuwa akiosha gari
na kupiga mluzi.

Syokau alipiga simu kabla sijavua viatu.
"Paka, dada? Paka?
Karo ya Kioko haijafika nusu.
Elfu nane mara ngapi, hebu piga hesabu."
Nilikuwa nimeshapiga.
Alikuwa na haki, na haki yake ikaniuma
kama kiatu cha kuazima.
Sikumwambia kuhusu ile barua ya kustaafishwa,
mistari minne, makosa mawili ya tahajia,
na nani aliyeikalia hadi kukapambazuka
nisiweze kuisoma tena.

Bi Kerubo wa ghorofa ya chini hakuuliza bei.
Alipanda na supu ya mifupa, haina chumvi,
ndani ya kikombe cha bati,
akasimama mlangoni na kanga yake ya jikoni:
"Mgonjwa anaendeleaje?"
Mgonjwa.
Nilimshukuru haraka, nikafunga mlango,
nikalia nimeshika kitasa.

Kwenye kamusi jina lake lina maana nyingi.
Kukoma ni kufika mwisho.
Koma, kwa watu wa pwani, ni wafu
wanaorudi kudai walichosahauliwa.
Mimi nilitaka tu ile alama ndogo,
ya kupumua, kisha sentensi iendelee.

Nimechagua vidonge.
Kama ni huruma au ni mfuko, sijui;
niliandika yote mawili nyuma ya bahasha
na kalamu ikakataa kufuta moja.
Utajua siku yenyewe, daktari alisema,
akiacha kujilamba, akiacha dirisha.
Kwa hiyo namvizia, mimi mtu mzima,
kila gari la takataka likinguruma Madaraka
nachungulia kama masikio yamesimama.
Jana yalisimama. Juzi, moja tu.

Leo Jumanne, siku ya mgao, maji yamekuja.
Nimejaza ndoo, sufuria, hata birika.
Koma ameshuka kitini mguu kwa mguu,
kama mzee kwenye ngazi za benki,
akayapita maji ya bakuli lake safi
akaenda kunywa kwenye beseni la kufulia.
Halafu omena: vichwa vitatu amekula.
Cha nne, chenye dawa, amekitema
juu ya kidole changu cha mguu,
akanitazama bila aibu yoyote.

Nimekiokota. Nimekipangusa kwa gauni.
Haya, mzee, tuanze upya, namwambia,
napiga magoti,