Alhamisi, Siku ya Kufunga Vifurushi

Alhamisi gazeti linatoka mtamboni na joto lake,
wino unaning'ang'ania vidoleni
kama mtoto anayeogopa kuachwa sokoni.
Navuta meza dirishani, nakata kamba kwa meno
(mkasi Hripsime kauficha tena),
naanza kuigawa Bulgaria.

Plovdiv haina kifurushi. Plovdiv ni sisi wenyewe:
wanashuka kilima baada ya misa, wanapokea mkononi,
wanauliza nani kafa kabla ya kuuliza bei.

Sofia, sitini. Madaktari, na watu wa haraka.
Varna, arobaini na moja.
Walishuka melini, wakaketi palepale gatini
wakaanza kukaanga buni,
na hadi leo anayetafuta nyumba zao hufuata pua.
Burgas imeongezeka: waliokuja miaka ya tisini,
wauza viatu, wenye Kiarmenia cha kule kwenyewe,
wanaocheka wakitusikia tukisema "mkate".
Wacheke. Wanalipa kwa wakati.

Ruse, kumi na tisa, ukingoni mwa Danubi.
Babu zao walifika mwisho wa nchi, wakautazama mto,
wakasema: mpana huu, tupumzike kwanza.
Bado wanapumzika.

Haskovo, kumi na mbili.
Hapo ni karibu na mpaka. Hapo, nimesimuliwa,
bibi mmoja alivimba nyayo, akakaa chini barabarani,
na ukoo mzima ukakaa naye.
Mji huchaguliwa na miguu, ramani huja baadaye
kuandika kilichokwisha kuamuliwa.

Dobrich, saba. Silistra, tano.
Shumen, tatu, na moja kati ya hizo ni ya maktaba
ambayo haijawahi kuifungua.

Yambol, moja.

Ninalo daftari la Parunak, aliyeishika kazi hii kabla yangu.
Mwaka wa thelathini na nane, kwa penseli: Yambol, mia na nne.
Mwaka wa arobaini na saba kapiga mstari,
kando yake kaandika neno moja tu: *meli*.
Hakuandika ilikwenda wapi. Kila mtu alijua.
Baada ya hapo tarakimu zinapungua polepole,
kama sabuni kwenye nyumba ya watu wengi,
hadi akabaki Onnik Takvoryan, fundi saa.

Onnik alikufa Februari.
Tangazo nilipanga mimi, ukurasa wa nne, chini kushoto,
nikachukua penseli ya Parunak.
Ndipo ikaja barua kwa Kibulgaria,
na noti ya leva tano ndani ya karatasi ya chokoleti:

*Msikate. Mimi ni Nedelka, jirani, ukuta kwa ukuta.
Herufi zenu sizijui, naziona kama kulabu za mshona viatu.
Lakini Jumatatu tarishi hugonga mara mbili,
husema: la Mwarmenia?
Nami hujibu: la Mwarmenia.
Mkiacha kuleta, neno hilo litasemwa na nani mtaa huu?*

Hripsime akasema, hesabu ni hesabu,
huyo si wetu.
Nikasema, kweli.
Akasema, basi Yambol ni sifuri.
Sikumjibu. Nilikuwa nahangaika na kamba:
gazeti moja ni gumu kulifunga,
halina unene wa kushika fundo,
unalikunja mara tatu, linafunguka,
unalibana kwa goti.

Akanitazama kitambo.
Kisha akatoa mkasi mfukoni mwa aproni,
akaweka kidole chake juu ya fundo
ili nikaze.