Hesabu Haikukosea

Moto ulianzia chini, kwenye stoo ya makaa,
ukapanda ngazi za mbao kama mwenye funguo.
Vidato themanini na vinne. Nilivipanda mara mbili,
mtungi wa hewa mgongoni, mpira wa maji begani,
na Januari ya Bytom ikitungoja mlangoni
ili iyagandishe mashati yetu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Huu ulikuwa wangu. Haukuwa usufi.

Kisha Bogumił akatoka moshini na mtu kifuani:
bwana Ignacy Wrona wa ghorofa ya nne,
mchimba makaa mstaafu, pajama ya mistari, soksi moja.
Tukamlaza chini ya tao la lango, penye sakafu ngumu.
Kapteni Sobiesław akashika redio:
ambulensi imeteleza mlimani, ngojeni.

Nikavua glavu. Nikapiga magoti.
Kiganja juu ya kiganja, viwiko vimenyooka.
Moja.
Ubavu ukalia kama kijiti kikavu, nikaendelea,
maana ubavu huunga
na moyo hauna subira ya fundi.
Mbili, tatu, nne.

Mkewe alisimama ukutani na soksi ya pili mkononi.
Hakulia. Midomo yake ilihesabu pamoja nami.

«Jagna, umechoka?»
«Bado.»

Naomba hili lieleweke: sikusema uongo.
Mwongo huujua ukweli, akaukwepa.
Mimi niliuliza mikono yangu, ikanijibu «bado»,
nikalipeleka jibu kwa kapteni kama lilivyokuja.

Ulimi hauna mfupa, ndiyo sababu haukuchoka.
Ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini,
safi, sawasawa, kama karani anayehesabu noti za watu.
Huku chini, mabegani, kwenye mapaja yaliyopanda
vidato themanini na vinne, mara mbili,
haba na haba kibaba kilikuwa kinapungua:
sentimita tano,
nne na nusu,
nne,
mpaka nikawa simsukumi tena bwana Wrona,
namgongagonga tu,
kama jirani mwenye haya mlangoni usiku.

Jasho likanidondoka puani, likatua kwenye pajama yake.
Niliona doa. Sikuona kina.

«Umechoka?»
«Bado, nimesema!»

Bogumił hakuuliza. Alinipiga kikumbo cha nyonga,
nikaanguka ubavu kwenye barafu, nikamtukana mama yake,
na kabla tusi halijaisha
nilikiona kifua cha mzee kikizama.
Kilizama hasa.
Kilizama hadi pale ambapo mimi
sikuwa nimefika tangu… tangu lini?

Hilo ndilo swali. Tangu lini.

Ambulensi ilifika. Mapigo yalikuwepo, membamba,
uzi wa kushonea kitufe. Wakamchukua.
Mkewe aliingia nyuma na soksi yake.
Hospitali hawana desturi ya kutupigia simu.

Kituoni nilishindwa kufungua vifungo vya koti.
Chai ikamwagika kwenye sahani,
Bogumił akaninywesha kama mgonjwa,
akaangalia pembeni ili nisione aibu.
Wenzangu wakalala na buti zao.

Saa kumi na moja nilishuka chumba cha mazoezi.
Yule mtu wa plastiki yupo palepale, mdomo wazi,
hana miguu, hana mke, hana soksi.
Ukimbonyeza vya kutosha, kifua chake hulia: tak.
Usipombonyeza vya kutosha, hunyamaza.
Nikapiga magoti.

Moja, tak. Mbili, tak. Tatu, tak.
Kumi na moja, tak.
Kumi na nne, tak. Kumi na tano.
Kumi na sita. Tak, kwa mbali.
Kumi na saba.
Kumi na nane.
Kumi na tisa,
ulimi ukaendelea, bila kosa,
ishirini,
ishirini na moja,
na chumba kizima kimya.