Jibu la Ilde kwa Aliyeuliza Aje Lini

Bwana uliyeniandikia kwa mwandiko wa kuinama,
umeuliza uje Ferrara mwezi gani.
Binti yangu Nives, mwenye haraka ya watu wa benki,
ameniambia: Mama, mjibu maneno mawili, Aprili, Septemba,
taja bei ya chumba, tia sahihi.
Lakini wino ninao, na mchana ni mrefu.

Aprili, basi. Aprili ni bibi harusi:
wote humtazama, hakuna anayemsikia.
Matofali ya ngome yamekoga, handaki limejaa mawingu,
na juu ya boma la mji nyasi zimefika magotini.
Ni pazuri, sikukatazi.
Ila utaona kofia za watalii kabla ya kuuona mnara,
na mwokaji atakuuzia mkate wetu wenye pembe nne,
mkate wa jana kwa tabasamu la leo.

Juni, miti ya tiglio huchanua juu ya boma,
harufu yake ikaingia hadi kanisani bila kupiga goti.
Siku tisa, labda kumi. Kisha mvua huifuta.
Hakuna kalenda inayoijua siku ya kwanza.
Mimi huijua kwa mafua.

Julai usije.
Nasema usije, na chumba ni changu, na pesa nazitaka.
Joto la bonde la Po halipiti, linakaa,
kama shemeji aliyekuja kuaga.
Agosti hata sisi hatupo. Maduka yamefumba macho,
na paka wa Via delle Volte ndiye meya.

Septemba Nives amekwisha kukutajia.
Hana kosa. Maboga yanaiva,
nami huyaponda, nikayafunga ndani ya unga kama siri.

Sasa nikutajie mwezi ambao hakuna aliyewahi kuniuliza.

Novemba ukungu hutoka mtoni bila kubisha hodi.
Humeza kanisa kuu kuanzia juu, kengele kwanza,
kisha malaika, kisha mlango,
mpaka mji uliojengwa na watawala ili uonekane
unabaki kusikika tu.
Hapa kila mtu ana baiskeli, na katika ukungu
tunapiga kengele polepole, si kwa kudai njia,
bali kusema: mimi hapa, mimi hapa.
Nikiwa dirishani namjua kila mpitaji:
daktari Bonfatti, kengele yake ina kikohozi;
mjane wa mchinjaji hupiga mara mbili, kama anayejijibu.

Ya Gaudenzio wangu ilikuwa na ufa.
Alipofariki, Nives aliiuza baiskeli sokoni,
akidhani ananipunguzia mzigo.
Miaka sita nilihesabu kengele za mtaa, moja haitimii.

Mwaka jana, Jumanne, saa kumi na moja jioni,
ule ufa ukapita chini ya dirisha.
Nilishuka ngazi na ndala, nikapiga kelele ukunguni
jina ambalo sikuwa nimelitamka kwa sauti.
Akasimama kijana, Cosimo, mwanafunzi kutoka kusini,
pua nyekundu, anatetemeka, akidhani amevunja sheria.
Baiskeli kaipata kwa bei ya viatu.
Nilimpa supu. Ningefanya nini tena?
Siku hizi huja kila Alhamisi, hula kama mvunja mawe,
na breki nilimtengenezea mimi.

Kwa hiyo, bwana, njoo wakati mwajiri wako atakapokuachia.
Mji huu umengoja wakuu na mafuriko na tetemeko,
wewe hutauchosha.
Ila ukija Novemba, lete soksi za sufi,
na hutaona kitu cha kupiga picha.
Ipo baiskeli chini ya ngazi. Ukifika pembeni, piga kengele,
nipate kuinjika maji.
Bei ni ileile.

Nives ameisoma barua hii begani kwangu.
Amekaa kimya. Kisha akasema:
Mama, mwandikie Aprili.