Januari Mosi

Nimeinunua duka la msaada, barabara ya Holderness,
pauni kumi na mbili, na mkoba wake
una chembe za biskuti za mtu mwingine.
Betri imelala kwenye chaji usiku kucha, jirani na birika.
Asubuhi nikabonyeza. Ikatoa jicho nje,
ikalia kidogo kama mtoto aliyeamshwa,
ikauliza: Lugha?

Nikashuka na mshale. Kideni, Kifini, Kipolandi,
lugha ishirini na sita, ya kwetu haimo.
Kifaransa kipo. Kifaransa kilichonichapa fimbo darasani, Fizi,
kwa kuwa nilisema "maji" badala ya kunyamaza.
Nikakipita bila salamu.
Nikachagua Kiingereza; yeye bado hatujakosana.

Kisha: Tarehe na saa.
Yenyewe ilikwisha jiandikia Januari mosi, 2009, saa sita kamili ya usiku.
Wilondja mwanangu akacheka: "Ikikaa bila betri
inasahau siku, mama. Inajianzia tu."
Sikucheka.
Kambini karani alimuuliza mama siku niliyozaliwa.
Mama akasema: tulikuwa tunapalilia mihogo,
ziwa limechafuka, na shangazi yake ameudhika.
Karani hakuwa na kisanduku cha mihogo.
Akaandika Januari mosi.
Mume wangu Januari mosi, shemeji Januari mosi,
ukoo mzima tumeanguliwa alfajiri moja
kama vifaranga.

Basi, ndugu kamera, nakuelewa.
Wewe angalau una kitufe cha kurekebisha.

Tukarekebisha. Machi, kumi na saba.
Saa? Kwangu ni saa tatu ya asubuhi; yenyewe inataka tisa.
Natoa sita, naongeza sita,
miaka kumi na mmoja hapa Hull bado natoa, naongeza,
hesabu pekee nisiyohitaji vidole.
Pembeni kuna kajua kadogo: saa ya kiangazi.
"Kaache," anasema Wilondja, "bado siku chache."

Mizani ya weupe (hilo nalo jina!):
jua, wingu, balbu, taa ya mrija.
Nikachungulia dirishani. Mto na mbingu rangi moja ya sufuria.
Nikaweka wingu. Nadhani litakaa hapo mpaka Juni.

Mwangaza: kasoro moja, sifuri, zaidi moja.
Nikampiga Wilondja picha mbele ya ukuta mweupe,
akatoka kivuli chenye meno.
Nikaongeza moja. Ikarudi pua,
likarudi kovu la juu ya jicho,
yakarudi macho ya baba yake,
ambaye hakufika huku.

Ya tatu ikagoma. Kadi imejaa. Futa zote?

Imejaa nini? Nikabonyeza mshale wa kutazama nyuma.
Karoti juu ya gazeti, zimepinda kama vidole vya bibi.
Mbwa. Mbwa. Mbwa yuleyule, mdomo umeota mvi.
Mwanamke wa Kizungu mbele ya keki, mashavu yamevimba pumzi,
mishumaa haijazimika.
Na chini, kwa rangi ya chungwa, kila picha:
Januari mosi, 2009.
Hawakuhangaika. Kila betri ilipokufa
waliacha mwaka uanze tena,
na karoti, na mbwa, na keki, vyote siku moja.
Nikasema, "Karibu ukoo, mama."

Kidole changu kilikuwa juu ya Ndiyo.
"Kadi mpya pauni sita," akasema Wilondja.
Sita! Nusu ya kamera nzima.

Nikaichomoa, ndogo kama kucha ya dole gumba,
nikaitia bahasha, nikaandika juu: Ya mwenye mbwa.
Imo kwenye kopo la biskuti, na hati zetu za kusafiria.
Jumamosi nitarudi dukani kuuliza nani alileta mkoba ule.
Pengine hawatajua. Pengine watanitazama tu.

Kamera ikasema: Hakuna kadi.
Najua, nikaiambia.
Mshahara Ijumaa.